Mwenzangu Yuko Nyuma

Fundi alitoka kununua sabuni tu. Jua lilikuwa linazama, naye alitaka kujiosha vumbi la safari kabla maji ya nyumba ya wageni hayajakatika.

Alikuwa mshona nguo, mjane, na mdomo wake haukuwa na breki. Kilichompeleka ugenini ni cherehani. Dada yake mkubwa alifia katika nchi ile, nchi ambayo hata wachora ramani nadhani huikumbuka mwishoni, na cherehani yake ikabaki. Cherehani nzima haiachwi ioze eti kwa sababu mwenyewe kafa. Fundi alikwishaichukua, kaifunga kwa shuka, kesho alfajiri anageuza.

Wageni hawafiki kule. Alikopita, watu walisimama wakamtazama kama bibi harusi aliyepotea njia. Na wote swali lao moja.

"Uko peke yako?"

Jirani yake alimwonya kabla hajatoka nyumbani: mwanamke anayesafiri peke yake asikubali hata siku moja kwamba yuko peke yake. Basi dereva wa teksi alipomuuliza, Fundi akamjibu, "Nina mwenzangu, yuko nyuma. Na ana mikono mirefu huyo! Anaweza kukuzaba kofi toka kiti cha nyuma bila kuinuka."

Akacheka mwenyewe. Dereva hakucheka. Alitazama kioo chake, akaendesha polepole hadi mwisho.

Sasa dukani, muuza duka, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, naye akauliza.

"Uko peke yako, dada?"

"Mwenzangu kabaki chumbani. Anakohoa."

Muuza duka akaweka kipande cha pili cha sabuni juu ya kile cha kwanza.

"Cha nini hiki?"

"Si mko wawili?"

Kabla Fundi hajajibu, simu ikalia. Binti yake. Mimba ya kwanza hiyo, miezi minane, usingizi hana.

"Mama, uko peke yako huko? Naogopa. Miguu imevimba."

"Bora imevimba miguu, si kichwa. Acha kunililia. Nina mwenzangu hapa, tena mkunga. Nakuja naye."

"Kweli, mama?"

"Nimekudanganya lini?"

Alirudi na sabuni zake mbili. Giza lilikuwa bado halijaingia. Mlangoni akapiga hodi, na mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele, akainua uso.

"Karibuni."

Fundi aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Unamkaribisha nani mwingine?"

"Nimezoea tu kusema hivyo mkiwa wawili. Mwenzako ameshaingia. Ufunguo anao."

Fundi akashika njia ya ukumbini. Taa ilikuwa moja, inapepesa. Chumba chake ndicho cha mwisho, na kadiri alivyokisogelea ndivyo harufu ilivyozidi... harufu ya nguo mbichi iliyokunjwa siku nyingi.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Koh... koh...

"Fundi..." sauti ilinong'ona. "Nipe sabuni."

Kiganja kikatoka. Kikafuata kifundo cha mkono. Kisha mkono wenyewe, mweupe kwa unyevu, ukaendelea kutoka. Fundi amepima mikono ya watu miaka thelathini. Alingoja kiwiko.

Kiwiko hakikuja.

Sabuni zilimdondoka. Alitimua mbio, kandambili moja ikabaki njiani, akamwangukia mwenye nyumba na mchele wake.

"Ulisema una mwenzako?" mwenye nyumba alimnong'oneza.

"Nilitania!"

"Huku hatutanii hivyo, mama. Sisi hatutembelewi. Na hao wengine waliomo humu... nao wana hamu ya kualikwa mahali."

"Wengine akina nani?"

"Nimuulize nani mimi? Nenda kwa kila uliyemwambia. Mwambie kwa mdomo wako kwamba uko peke yako. Ukimbakiza mmoja, huyo ndiye atakayekuwa mwenyeji wake."

Fundi akatoka na kandambili moja mguuni. Alimkuta muuza duka akivuta mlango.

"Dada, mimi mwongo. Niko peke yangu."

Muuza duka alishusha pumzi, akafunga kufuli.

Dereva alikuwa kituoni.

"Niko peke yangu, baba. Hakuna mikono mirefu wala mifupi."

"Asante," dereva alisema. Akachukua kitambaa, akaenda kufuta kiti cha nyuma. Kilikuwa kimelowa.

Fundi aliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Kipande kimoja cha sabuni kilikuwa sakafuni, kikavu. Cha pili hakuwepo aliyejua kilikokwenda. Alikesha kwenye benchi la mapokezi, cherehani mapajani.

Mpakani, afisa akamuuliza, "Mko wangapi?"

"Mmoja! Huoni?"

Afisa akagonga muhuri. Mmoja. Fundi akaegemea dirisha la basi, akalala mdomo wazi hadi kwao. Waongo wenzake wangekuwa na wasiwasi. Yeye alikwishawapitia wote wawili. Maneno ya kumtuliza mwana hakuwahi kuyaweka kwenye fungu la uongo.

Alifika mchana kweupe. Mkwe wake alikuwa mlangoni, jasho linamtoka, anacheka.

"Karibu, mama! Uchungu umeanza mapema. Lakini hatukuhangaika, mwenzako amewahi."

"Mwenzangu gani?"

"Mkunga. Kafika alfajiri, kasema wewe uko nyuma na mzigo. Katutoa wote nje ya chumba, kajifungia na mke wangu."

Hapo Fundi akaisikia harufu ile. Nguo mbichi. Na sabuni.

Cherehani ikamponyoka. Akauvamia mlango wa chumbani kwa ngumi.

"Mwanangu! Nilikudanganya! Nilikuwa peke yangu! Sina mwenzangu, unanisikia? Sina!"

Akatega sikio.

Kisha sauti ya binti yake, nyembamba, kama inatoka chini ya kisima.

"Mama... sasa aliyenishika ni nani?"

Mkwe aliupiga mlango bega, ukang'oka. Mkunga hakuwemo, na dirisha lilikuwa na nondo, zote nzima. Binti alikuwa kitandani, mzima. Kando yake mtoto wa kiume, kaoshwa, kafungwa shuka vizuri. Kwenye beseni palielea kipande cha sabuni, nusu, bado kina povu.

Mtoto akalia.

Halafu akakohoa.

Mpaka leo binti anasema mkunga yule alikuwa mpole. Uso tu ndio hakuuona. Fundi habishi. Siku hizi mtu akimuuliza jambo, hufikiri kwanza.

Mjukuu anakaribia miaka mitano. Bibi yake ndiye anayemshonea mashati, kwa cherehani ileile, na kila mara mkono wa shati hautoshi. Humsimamisha mlangoni penye mwanga, humwekea utepe wa kupimia begani, hushuka nao taratibu akitafuta kiwiko.

Mtoto hutulia, humtazama.

"Endelea kushuka, bibi," humnong'oneza. "Bado hujafika."