Mimba ya Mdomoni

Kinyozi alihesabu mara ya tatu, kidole kikitembea juu ya kioo, na mara ya tatu akapata wanane. Majike aliowatia kwenye tangi lile kubwa walikuwa saba. Saba tangu mwezi uliopita, saba jana jioni alipowazimia taa. Sasa pale nyuma ya mawe alikuwepo wa nane, rangi ya majivu, hana doa la njano wala la buluu, na kidevu kimeshuka kama kifuko kilichotiwa kitu.

"Mke wangu! Umeingiza samaki humu?"

"Nimeingiza chakula tu," akajibu mkewe toka jikoni. "Labda kaja kunyoa. Mwambie apange foleni."

Ndivyo alivyokuwa mke huyo. Mtaa mzima walimwita Redio, maana akiamka ameamka, hana kitufe cha kuzimia. Akipika anaongea, akifagia anaongea, na akiwalisha samaki ndiyo usiseme, anawapa habari za majirani wote, nao wanajazana kwenye kioo kumsikiliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Mbele kiti cha kunyolea, halafu pazia, na nyuma ya pazia chumba cha matangi, kumi na moja, pampu za hewa zikikoroma kutwa. Chumba hicho ndicho kilicholeta maneno katika familia, maana mama yake Kinyozi alihamia kwao akakuta hana pa kulala. "Samaki wana chumba," alizoea kuwaambia wageni, "mimi niliyemzaa nalala sebuleni na viatu." Dada Mkubwa wa Kinyozi, aliyekaa mtaa wa pili, alilichukua neno hilo akalifanya lake, na lawama zote akamtupia Redio, ingawa Redio hakununua hata tangi moja.

Na samaki wenyewe ni wale wa maziwa makubwa, ukoo mmoja na perege, ila hawa ni wa rangi, na ugomvi wao unazidi wa mawifi. Jike lao halitagi likaondoka. Linayaokota mayai yote, linayatia mdomoni, na humo humo yanaanguliwa. Wiki tatu halili, mdomo umefungwa kama kufuli. Wafugaji hawana subira hiyo. Wanamkamata mama, wanamgeuza kichwa chini juu ya bakuli, wanamfungua taya kwa kijiti, wanamtikisa mpaka ateme. Wao wanaita kukamua. Kinyozi alisifiwa kwa kazi hiyo, mkono wake ulizoea wembe.

"Huyo mwache," Redio alisema alipomwona ameshika wavu. "Hatujui katoka wapi. Mgeni hujamkaribisha, unaanza kumpekua mdomo?"

"Samaki ni samaki."

"Basi mwache amalize siku zake. Mwenzako ana mzigo."

Hakumsikia. Alimshika, akamgeuza, akapitisha kijiti. Taya lilikuwa gumu ajabu, kama la mtu anayekataa dawa. Alikaza. Likafunguka, vikadondoka kwenye bakuli vitu tisa, vikubwa kuliko kawaida, bado vina kiini cha yai tumboni, na kila kimoja kina macho mawili meusi. Macho yote yakamgeukia yeye. Halafu yule mama akashusha pumzi mkononi mwake, pumzi hasa, kama mtu anayetua ndoo, akalegea, akafa.

Redio alimchukua akamweka kiganjani, juu ya bakuli. Machozi yalimlenga. "Masikini mama wa watu. Ningeweza, ningekubebea mwenyewe."

"We mwanamke!" Mama mkwe alikuwa amesimama penye pazia. "Maneno gani hayo unasema juu ya maji? Futa kauli yako."

"Nimesema tu, mama."

"Ndiyo hivyo hivyo, unasema tu!"

Hakufuta.

Asubuhi Kinyozi alikuta chupa alimowaweka wale tisa imefungwa kifuniko vile vile, maji yamejaa vile vile, na ndani hamna kitu. Akatoka kumwambia mkewe. Redio alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, chai haijabandikwa, midomo imebanwa, anamtazama.

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Umenuna?"

Akatikisa tena.

Siku ya kwanza Kinyozi aliona ni hasira za samaki. Siku ya pili Dada Mkubwa alikuja, akaangua kicheko. "Redio imeisha betri! Kaka, mwache hivyo hivyo, mtaa upumzike." Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Redio hakula. Akipewa kikombe anageuza uso. Mashavu yalikuwa yamejaa kama ya mtu aliyesukutua maji akasahau kutema, na ukimsogelea, pumzi ya puani inanuka mawe mabichi, ule ukijani unaoota kwenye kioo cha tangi lisilosafishwa. Alikunywa kwa kuinamia beseni na kuacha uso humo muda mrefu kuliko binadamu anavyoweza.

Kinyozi ndiye aliyetambua, maana macho yake yalishazoea. Taya la mkewe lilikuwa linazunguka polepole, kushoto, kulia, kama anayepeta mchele kwa ulimi. Majike yenye mimba hufanya hivyo hivyo, huyageuza mayai yasioze. Alisimama akamtazama. Hakumwambia mtu.

Siku ya sita, saa tisa mchana, jua linawaka, alikuwa anamnyoa mteja. Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza mkononi, pampu zote kumi na moja zikanyamaza nyuma ya pazia, na nyumba ikaingia kimya ambacho hakikuwahi kusikika humo tangu wahamie.

Lakini mapovu yaliendelea kusikika.

"Una jenereta?" mteja akauliza.

Kinyozi aliweka mashine chini. Alipita pazia, na matangi yalikuwa yametulia, samaki wote wamegandana upande mmoja wa kioo, upande wa chumba cha kulala, na ile sauti ya mapovu ilikuwa inatoka huko, bwabwabwa, bwabwabwa, akaifuata na kitambaa cha kunyolea begani, akasukuma mlango, akamkuta mkewe amelala chali macho wazi, hajikunyati wala hapepesi, na mapovu yalikuwa yanachemka ndani ya mashavu yake, na chini ya ngozi ya shavu la kushoto, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulipiga, kitu chembamba kilijipindua kikatafuta nafasi.

Siku ya tisa Dada Mkubwa alirudi na kijiko. "Mtu atakufa na njaa mkimtazama? Mama, mshike mikono. Wifi, fungua mdomo, uache ujeuri."

"Dada, usimfungue," Kinyozi akanong'ona. "Nakuomba. Nilimfungua yule mwingine, unajua kilichompata?"

"Yupi mwingine? Una mke mwingine?"

"Samaki."

"Haya, na wewe umeshapata wazimu."

Akapenyeza kijiko kati ya meno. Redio hakupigana. Alimtazama tu wifi yake, machozi yakimchuruzika kuelekea masikioni. Kijiko kikaingia nusu. Halafu kikavutwa.

Dada Mkubwa aliona mpini unamtoka vidoleni, kidogo kidogo, kama mtu anavuta kwa ndani. Akaachia, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, ya mtoto, "mama, kuna mkono humo." Kijiko kikasukumwa nje kikaanguka sakafuni, kimepindwa mara mbili. Akaondoka bila kuchukua viatu vyake.

Kesho yake mama mkwe akamfuata mkunga. Alikuwa bibi aliyestaafu hospitali, mfupi, ana mfuko wa plastiki na kitambaa safi, na wenye shida za namna hii walimjua. Hakuwasha ubani wala kupiga kelele. Aliweka sikio kwenye shavu la Redio kama wanavyosikiliza tumbo.

"Tisa," akasema. "Wazima wote. Nani alimfungua mama yao?"

"Mimi," Kinyozi akajibu.

"Na huyu alisema nini?"

Mama mkwe ndiye aliyemweleza. Mkunga akaguna. "Jini alikuja kujifungulia kwenu, mahali pa mama wenziwe. Mmemuua. Huyu binti akasema angembebea, basi wamemkubali. Samaki hawa wanabeba siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Leo ya kumi. Mtazame mkeo." Alimshika Redio mkono, bangili zikateleza mpaka kwenye kiwiko. "Hafiki. Na ukimkamua kwa nguvu, atashusha pumzi kama yule."

Kinyozi alimwangalia mkewe. Alikuwa amebaki macho tu. Miaka yote ya ndoa alikuwa akimwomba huyu mwanamke anyamaze angalau wakati wa taarifa ya habari, na sasa angetoa macho yake yote mawili asikie anamsema jirani.

"Hamna njia nyingine?"

"Ipo moja. Mdomo mwingine ujitolee. Kwa hiari, kwa kauli, juu ya maji. Kinywa cha mtu aliyeshiba."

Mama mkwe akasogea. "Nitabeba mimi."

"Wewe huna meno, mama," mwanawe akamwambia, na kwa muda kidogo walikaribia kucheka. "Ni mimi niliyemfungua."

Walijaza beseni maji ya tangi kubwa. Kinyozi akala mpaka akashindwa, kisha akapiga magoti. "Niliwatoa mimi," aliyaambia maji. "Nitawabeba mimi." Akainamisha uso, na Redio akainamisha wake, shavu kwa shavu, na chini ya maji akausikia mdomo wa mkewe unafunguka. Wakaingia mmoja mmoja, baridi kama barafu, wanasugua meno yake wakipita, wanajipanga chini ya ulimi wake. Alihesabu mpaka tisa akafumba.

Redio aliinuka akavuta hewa. "Mkate!" akalia. "Nipeni mkate na chai, na yule wifi yangu mwambieni kijiko chake kimenichana ufizi, na hii nyumba kwa nini haijafagiliwa?" Aliongea mpaka jioni, na mama mkwe alikaa pembeni yake akimmegea mkate, hakumkatiza hata mara moja.

Siku kumi na moja Kinyozi alifunga duka. Walimlia nguvu. Lakini njaa ilikuwa nafuu. Kibaya ni kwamba aliwasikia, si kwa masikio, kwa mfupa wa taya, wakiongea wao kwa wao kutwa, na kila siku maneno yakakaribia zaidi kuwa maneno ya watu, mpaka siku ya ishirini alipokaa mbele ya kioo chake cha duka akijitazama mashavu, akasikia toka ndani ya kichwa chake sauti ya mtoto ikimwuliza mwenzake, yule aliyemshika mama kichwa chini ndiye huyu?

Siku ya ishirini na moja mkunga alifika saa nne asubuhi. Alitaka tangi moja tu lenye maji, na mpira mrefu wa kutolea maji uelekezwe nje mpaka kwenye mtaro.

"Watafuata maji yanayotoka," alisema. "Wa mwisho akipita, kazi imekwisha. Mtu asikohoe. Asiseme neno."

Redio alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kinyozi akainama juu ya tangi, akafungua. Walitoka tisa, warefu kama kidole, rangi ya majivu. Walizunguka kioo polepole wakamtazama kila aliyekuwepo, mama mkwe, Redio, mkunga, na Kinyozi wakamtazama zaidi. Halafu wa kwanza akageukia mdomo wa mpira. Akaingiza kichwa. Nyuma yake wenzake wakajipanga.

Mfugaji yeyote wa samaki hawa anajua jambo ambalo Kinyozi, kwa siku zile za mdomo uliofungwa, hakuweza kumwambia mkunga. Watoto wao wakishtuka hawakimbilii mbali. Wanarudi kinywani, chochote kilicho wazi.

"Hodiii!" Pazia likafunguliwa kwa kishindo. Dada Mkubwa alisimama na bakuli la chakula lililofunikwa vizuri, amevaa nguo ya kutokea. Alikuwa amekuja kumwomba wifi yake radhi. "Hodi jamani, wenye ny—"

Maji ya tangi hayakutikisika hata kidogo. Ndani yake hapakuwa na kitu tena.

Bakuli lilimponyoka. Midomo yake ikafumba yenyewe, mashavu yakajaa, na macho yakamtoka akimtafuta mama yake. Redio ndiye aliyemfikia kwanza, akamshika mabega. "Wifi! Wifi yangu, tema!" Taya la Dada Mkubwa likaanza kuzunguka, kushoto, kulia.

Kinyozi alimgeukia mkunga. Sauti ilimtoka kama kutu. "Nitawachukua tena. Niambie siku ngapi zimebaki, nitazimaliza mimi."

Mkunga alikuwa ameshaweka sikio kwenye shavu la Dada Mkubwa. Alisikiliza muda mrefu, na alipoinuka alikuwa anakunja kitambaa chake bila kumtazama mtu usoni.

"Hawa wameshazaliwa, mwanangu," akasema. "Hawana siku za kumaliza. Wamehamia."