Vivuli kwenye Pazia Jipya

"Vishindo! Kishindo kiko wapi?"

Mtu aliropoka kutoka viti vya nyuma, ukumbi ukacheka. Kwenye pazia, mchekeshaji alikuwa ameporomoka na ngazi yake hadi ndani ya pipa la rangi, na hakuna hata sufuria iliyolia.

Mimi nilikuwa kwenye kinanda, jasho linanitoka. Picha zetu ni zile bubu za zamani, za kuchekesha. Muziki napiga mimi papo kwa papo, macho kwenye pazia. Milio ya kuanguka, milango na vibao vya uso anaipiga mchumba wangu, amejificha nyuma ya pazia na masufuria na mabati yake. Ndiyo maana wanamwita Vishindo. Harusi yetu ilikuwa iwe Jumamosi ile.

"Mkwe wangu kalala huko nyuma?" mama alininong'oneza kutoka kiti cha mbele.

"Kachoka na maandalizi, maskini," mama yake Vishindo, aliyekaa naye, akamtetea. "Mwanangu anajituma mno."

Mara filamu ikakatika. Giza.

"Samahani jamani, naiunganisha!" mrusha picha akapaza sauti. "Dada wa kinanda, watulize watu!"

Ndivyo tunavyofanya siku zote. Filamu ikikatika, mimi naendelea kupiga, Vishindo anawasha taa yake apange vyombo upya. Pazia letu la zamani lilikuwa turubai zito, taa ile hatukuwahi kuiona. Ila lilichanika, na shoga yangu Fundi, huyo huyo aliyekuwa ananishonea gauni la harusi, akatutengenezea pazia jipya la kitambaa chepesi. Lilitundikwa asubuhi ile ile. Vishindo alifurahi kama nini: "Sasa naona picha hata nikiwa nyuma!" Hakujiuliza sisi wa mbele tutaona nini.

Taa ikawaka.

Vivuli viwili vikatokea katikati ya pazia, vya wazi kabisa. Mwanaume mwenye kofia. Mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni. Mwanaume akaivuta tepu, mwanamke akaja mzima mzima. Wakabusiana.

"Haya sasa! Hii ndiyo picha!"

"Ongeza, kaka, ongeza!"

Watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Na mimi, Mungu wangu, nilipiga! Mikono imezoea kufuata kinachoonekana. Kofia ikaanguka, nikaiangusha kwa sauti za kinanda. Mwanamke akarukia shingo, nikampandisha. Nikawapigia na wimbo wa mapenzi juu yake, mtamu, taratibu.

"Huyu kijana atanivunja mbavu!" mama mkwe alisema, anafuta machozi. Kisha akakodoa macho. "Ngoja. Ile pua..."

"Ni ya mwanao," mama akamjibu.

"Na mwanamke je?"

Tepu ile ilikuwa kiunoni mwangu jana yake tu. Vidole vikaganda.

Muziki uliponyamaza, vivuli vikaachana kwa kuruka. Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe kinanda changu kilikuwa mlinzi wao. Maadamu napiga, walijua niko wapi.

Nikazunguka nyuma ya pazia.

"Mpenzi, subiri, sio unavyodhani..."

"Ukumbi mzima umeona, Vishindo. Nidhani nini tena?"

"Tulikuwa tunajaribu kichekesho kipya."

"Na watu wamecheka. Hongera."

Fundi akaingilia. "Shoga yangu, nisamehe. Ni shetani tu."

"Mwache shetani wa watu. Toka lini?"

Akaanza kuikunja tepu yake.

"Nimekuuliza, toka lini?"

"Toka... toka mlipoanza kuonyesha zile picha ndefu."

Zile ndefu nilizileta kwa sababu Vishindo aliniomba. Alisema, "Mpenzi, nikikusikia unapiga kwa muda mrefu, nafsi yangu inatulia." Na mimi mjinga nikaona napendwa.

Mama mkwe akatokea, anahema. "Mwanangu, tuyamalize haya ndani kwa ndani. Kadi zimeshasambaa. Watu watasema nini?"

"Mama, watu wameshaona. Waseme wanavyotaka."

"Ni kijana tu, atatulia akishaoa."

"Basi aoe."

Nikavua pete, nikamkabidhi yeye aliyemzaa. Mama yangu akaja akanishika mkono, tukatoka, huku mrusha picha anaita kwamba filamu iko tayari.

Nyumbani simu haikutulia. Vishindo aliandika: "Mke wangu, niko nje ya geti. Nisikilize tafadhali, nakufa."

Nikamjibu: "Mkeo nani? Nenda kafie mbele ya safari."

Kisha ukaingia ujumbe wa Fundi: "Najua hutaki kunisikia. Ila gauni limebaki upindo tu. Nilifanyeje?"

Nikamsomea mama.

"Huyu ana wazimu," mama alisema. "Utamjibu?"

Nilimjibu. Nikakosea, nikafuta, nikaandika tena: "Livae. Ukumbi upo, wageni wapo, bwana harusi ndiye huyo unaye. Atakayekosekana ni mimi tu, na mlishazoea kufanya mambo yenu bila mimi."

Nikazima simu. Nikalala mapajani mwa mama, nikalia kwa sauti, wala sikujali aliyeko getini kama anasikia.