Mifuko Miwili ya Magugu

Kila Jumamosi asubuhi, theluji ikishayeyuka, mimi na Mama hushuka ngazi za ghorofa yetu na ndoo mbili kwenda kwenye bustani ya mtaa. Bustani iko mahali palipoungua nyumba kabla sijazaliwa. Watu wa mtaa waliokota vioo na misumari kwa mikono yao, wakaleta udongo, wakagawana matuta. Mama hupanda mboga za kwao Ufilipino. Mama yake Biniam, rafiki yangu, hupanda pilipili za Eritrea, kwa sababu anasema pilipili za madukani hapa Winnipeg, Kanada, zinaona haya kuwasha. Kona iliyo kando ya ua ni ya Kokum Verna. Kokum ni bibi kwa Kikrii, lugha ya wenyeji wa asili wa hapa, na mtaani kwetu hata wazee wenzake humwita hivyo.

Jumamosi moja Biniam alinisubiri langoni, amenuna.

"Liway, tunahama."

"Mnahama kwenda wapi?"

"Sijui. Mwenye nyumba ameleta barua. Anataka kuikarabati. Ikishapakwa rangi, si yetu tena."

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Nyumba ya Bwana Keating, aliyehamia mwaka jana, iling'aa kwa rangi ya kijivu. Kabla yake aliishi pale fundi cherehani wa Kivietinamu aliyenishonea gauni la komunyo. Mtaa wetu ulikuwa unapendeza kila mwezi, na kila mwezi mtu niliyemjua alikuwa anafunga mizigo.

"Usiitazame hivyo, utaiunguza," Biniam alisema, lakini hakucheka.

Mama aliniambia nipalilie kando ya ua. Nilichukua uma wa bustani nikauchoma ardhini kwa nguvu zangu zote. Kila gugu nililong'oa nililipa jina la yule mwenye nyumba. Nilipofika kwenye kona ya Kokum, nilikuta nyasi ndefu, nyembamba, kama za popote. Kokum alikuwa kaskazini kwa dada yake. Chini ya nyasi palitawanyika tumbaku. Hata kona ya Kokum wameifanya jaa la sigara! Nikazidi kuwaka. Nilizing'oa nyasi zote na mizizi yake, nikajaza mifuko miwili, nikaiburuta hadi kwenye uchochoro ambako gari la taka hupita Jumatatu alfajiri.

Bwana Keating alipita na mbwa wake. "Kazi safi!" alisema. "Kona ile ilikuwa pori."

Sifa yake niliiona kama mate.

Kesho yake, Jumapili alasiri, tukiwa tunamwagilia bustani, Kokum alirudi. Tulimsikia kabla hatujamwona. Hakulia. Alisema tu, "Hapana. Hapana. Hapana," akapiga magoti kwenye udongo mtupu. Watu wakaacha ndoo zao wakamzunguka.

"Hizi zilikuwa nyasi za manukato," alisema. "Nywele za Mama Dunia. Huwa tunazisuka kama nywele za mtoto, tunazifukiza tunaposali. Mama yangu alinipa mizizi yake mwaka aliokufa. Sikati hata jani moja kabla sijaweka tumbaku ardhini kushukuru. Nani amefanya hivi?"

Tumbaku. Kumbe haikuwa taka za sigara.

"Ni Keating!" Biniam alipaza sauti. "Wiki iliyopita alisema kona hii inaaibisha mtaa. Nilimsikia kwa masikio yangu!"

Bwana Keating alikuwa anafungua mlango wake. Watu walivuka barabara, na mimi nikavuka nao. Nilijua ukweli, lakini hasira ya jana ilipata njia tamu, nikaifuata.

"Mnakuja, mnapaka rangi, kisha mnatufukuza!" nilipiga kelele. "Sasa hata nyasi za bibi zinawakera?"

Uso wake ulikuwa mwekundu kama mlango wake. "Sijagusa kitu. Jana aliyekuwa pale ni..." Alinitazama, akasita. "Sikuwa mimi," alimalizia.

"Mwongo!" Biniam aliinama, akaokota kipande cha tofali, akainua mkono kuelekea dirishani.

Wakati ule, akilini mwangu, nikamwona Biniam akichukuliwa na polisi wiki ileile anayofukuzwa nyumbani, kwa sababu yangu.

"Acha! Ni mimi!" nilisema. "Mimi ndiye niliyezing'oa. Nilidhani ni magugu."

Tofali lilianguka. Mama alijishika kichwa. Biniam alinitazama kana kwamba hanijui. "Na ukaniacha nibweke kama mbwa?"

Kokum alikuja hadi mbele yangu.

"Nimekukasirikia," alisema. "Sana. Lakini mimi naweza kusubiri, mizizi haiwezi. Umeitupa wapi?"

"Uchochoroni. Gari linapita kesho alfajiri."

"Basi unasimama hapa kwa nini?"

Tulikimbia. Tulipasua mifuko kwa vidole, na harufu tamu, kama ya keki inayotoka jikoni, ikatupanda puani. Jana niliinusa pia, lakini kwa hasira sikuijali. Mizizi mingine ilikuwa imekauka; mingi ilikuwa bado myeupe na laini. Bwana Keating alisimama kando na mbwa wake.

"Nilijua ni wewe," aliniambia. "Lakini mimi ndiye niliyeiita kona ile pori."

"Na ulipoiita pori, uliniuliza ni nini?" Kokum alidakia.

"Hapana."

"Basi shika koleo. Huyo mbwa mfunge, asituchimbie mara ya pili."

Nilimwomba Bwana Keating radhi mbele ya watu wote, ulimi mzito kama chuma. Tulipanda hadi jua likazama. Mwisho Kokum aliniwekea tumbaku kiganjani.

"Weka mwenyewe. Omba ruhusa uliyosahau kuomba jana."

Nikaiweka.

"Una haki ya kukasirika, mjukuu wangu," alisema, akipangusa udongo magotini. "Mimi nina hasira na mtaa huu tangu mama yako hajazaliwa. Lakini hasira ni moto. Ukiufunika kwa uongo, utaunguza jirani, na mwenye kosa atalala usingizi wake. Leo uliuficha ukweli ukamfokea jirani, na huo ulikuwa uongo. Kesho tutaipeleka hasira hii kwa mwenyewe. Biniam, nimesikia mwenye nyumba amewaletea barua. Iko wapi?"

Jumatatu jioni watu ishirini na saba tulijazana ofisini kwa mwenye nyumba. Bwana Keating alisimama nyuma, karibu na mlango. Kokum alisoma barua kwa sauti, mstari kwa mstari, akauliza kila mstari una maana gani. Ilichukua saa mbili, na hakuna aliyetoka hadi mwenye nyumba alipokubali. Tulitoka na karatasi yenye sahihi: familia ya Biniam itarudi nyumbani kwao matengenezo yakiisha, kwa kodi ileile.

Biniam hakusema nami kwa siku tisa. Siku ya kumi aligonga mlango wetu asubuhi na mapema.

"Njoo uone," alisema. "Na usiguse kitu."

Kwenye kona ya Kokum, majani sita membamba yalikuwa yamechomoza kutoka kwenye udongo mweusi. Niliyahesabu, mikono yangu nimeifunga mgongoni.