Kompyuta Iliyopandishwa Mlimani

Msimu wa kahawa hauna mchezo. Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Kitura, Marselina alikuwa ameshaosha kahawa, ameianika kwenye kichanja, ameteka maji na kumpikia uji binti yake Vitalia. Mume wake, Ignatio, alikuwa ameshaondoka kwenda kuchuma. Hakuna aliyelala katika nyumba ile kahawa inapoiva.

Mchana Marselina alikuwa na kazi ya pili. Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa, kikundi cha ukoo wa mumewe. Miaka ile wanunuzi binafsi walijaa Mbinga. Kila mmoja alikuja na gari lake na maneno yake matamu. Wanakikundi walichoka kusubiri gari la yeyote. Wakaamua kutafuta mnunuzi wao wenyewe huko mbali, kwa barua pepe. Wakapata kompyuta mpakato, ile inayofunguliwa na kufungwa kama kitabu. Marselina alikuwa amesoma kozi ya kompyuta Mbinga mjini, kwa hiyo akakabidhiwa yeye.

Siku za kazi hiyo aliibeba kompyuta hadi zahanati ya masista. Juu ya paa la zahanati palikuwa na dishi la intaneti. Ndani palikuwa na kisanduku kidogo chenye antena. Kisanduku hicho kilisambaza waifai, yaani intaneti inayopita hewani bila waya. Sista Serafina, mkuu wa zahanati, aliwaruhusu wanakikundi kuitumia pale barazani. Marselina alikaa, akasoma barua za wanunuzi, akazijibu, akarudi nyumbani. Kazi ilikwenda vizuri kabisa.

Kisha shemeji yake Dunstan akaazima kompyuta.

Dunstan ni mdogo wake Ignatio. Alisema anataka kuitazama tu. Kumbe alichomeka flashi yenye filamu alizonakili kwa watu mjini, na flashi ile ilikuwa na virusi. Kompyuta ikawa nzito, ikawa inajizima yenyewe. Dunstan hakumuuliza mtu. Aliipeleka kwa fundi mmoja mjini, na fundi akaipiga window upya. Maana yake, alifuta mfumo wote unaoendesha kompyuta, akaweka mwingine. Dunstan akairudisha huku akitabasamu. Akasema sasa iko kama mpya.

Upya gani huo? Tangu siku ile waifai ilishika na kuachia. Marselina alifungua barua, kabla hajamaliza kusoma, mtandao ukakatika. Akajaribu tena, ukashika, ukakatika. Mnunuzi mmoja aliandika akitaka kujua habari za kahawa yao. Marselina alishindwa kumjibu.

Akatoa taarifa kwa mwenyekiti wa kikundi, Mzee Mansuetus, baba mkwe wake. Mzee alisikiliza, akakuna kidevu, akatoa jibu ambalo mtu yeyote wa milima ile angelitoa. Kijijini kwao simu hazishiki kila mahali. Anayetaka kuongea vizuri hupanda kilimani, juu ya makaburi, akasimama kwenye jiwe moja ambalo kila mtu analijua. Mzee akasema kompyuta nayo ipandishwe kule.

Marselina alipiga goti, akaeleza kwa adabu kwamba mtandao wa simu na mtandao wa masista ni vitu viwili. Mzee akamwambia mtandao ni mtandao. Dunstan alikuwepo. Akacheka, akasema labda mama huyu anaogopa mlima.

Basi Marselina akapanda. Aliifunga kompyuta kwa kanga mgongoni kama mtoto, akapita mbele za watu. Kule juu hakupata kitu. Akashuka. Wakamwambia labda alipanda saa mbaya, arudi asubuhi. Akapanda tena. Watu waliokuwa kwenye mashamba ya mteremko walisimamisha kazi kumtazama, na wengine walimuuliza kama amepata mtoto wa pili. Alijibu kwa kicheko, lakini moyoni alikuwa anachemka.

Ukoo ule bado ulishika sengu, desturi ya ukoo kula na kushauriana pamoja. Jumapili baada ya misa walikula pamoja nyumbani kwa Mzee Mansuetus, na baada ya chakula wakazungumza mambo ya ukoo. Jumapili ile jambo lilikuwa kompyuta. Dunstan alisema chombo kilikuwa kizima kilipotoka kwa fundi. Alisema anayekishika kila siku ni mmoja tu, kwa hiyo aliyekiharibu anajulikana. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeweka virusi. Hakuna aliyeuliza fundi alifanya nini. Kila mtu pale alijua kompyuta ilipita mikononi mwa nani, lakini lawama ikamtafuta mwanamke aliyeolewa pale, ikamkuta.

Mzee Mansuetus akahukumu. "Tungojee Jumapili ijayo. Kama bado haifanyi kazi, ukatibu atachukua Dunstan."

Usiseme hilo ni jambo dogo. Marselina alikuwa ameandika kila barua ya kikundi kile. Sasa angetoka akiwa na jina la mharibifu, na jina la namna hiyo halifuliwi kwa sabuni. Njiani kurudi nyumbani alimwambia Ignatio kwamba ameonewa, na kwamba yeye mumewe alikaa pale akimeza ugali kama hakusikia. Ignatio akasema wale ni wakubwa. Marselina akamjibu kwamba ukubwa si ruhusa ya kuonea mtu.

Kesho yake, mara kahawa ilipoanikwa, alibeba kompyuta akaenda zahanati. Hakwenda barazani. Aliingia moja kwa moja chumba cha kumbukumbu, kwa Hilda.

Hilda alikuwa mtunza kumbukumbu wa zahanati na ndiye aliyeangalia kompyuta zote za masista. Alikuwa mtu wa Lipingo, kule ziwani, na kila aliporudi kutoka kwao alimletea Marselina usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani. Alipenda kuwatania watu wa milimani. Lakini siku hiyo alipouona uso wa rafiki yake, aliacha utani.

Marselina akaeleza yote. Alipofika kwenye habari za kilima, Hilda aliweka kalamu chini.

"Walikupandisha mlimani na kompyuta?"

"Na kanga mgongoni."

"Mama Vitalia, mtandao mnaoutafuta uko kwenye kile kisanduku pale ukutani. Nguvu yake inaishia karibu na lango la zahanati. Mkipanda mlima mnaukimbia."

"Nilisema. Walisema mtandao ni mtandao."

Hilda akafungua kompyuta ya kikundi. Ya masista, pale pale mezani, ilikuwa inashika waifai bila shida. Kwa hiyo kisanduku kilikuwa kizima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta ya kikundi. Akamwonyesha Marselina mahali ambapo kompyuta inaorodhesha vifaa vyake vyote. Wakatafuta kifaa cha waifai. Kilikuwepo, tena kizima. Hilda akabonyeza jina lake, akatazama draiva yake, akaguna.

"Draiva ni nini?" Marselina aliuliza.

"Ni programu ndogo. Ndani humu kuna kifaa cha kunasa waifai. Kompyuta yenyewe haijui kukitumia. Draiva ndiyo inayoielekeza. Fundi alipofuta kila kitu, alifuta na draiva. Halafu akaweka nyingine aliyokuwa nayo, ya zamani, ya aina nyingine ya kompyuta. Inafanana kidogo, ndiyo maana inashika na kuachia."

Marselina alifikiri kidogo. "Kama mashine ya kumenyea kahawa. Ukiirekebisha kwa punje kubwa, ukaja na punje ndogo, nyingine zinapita bila kumenywa. Utadhani mashine imekufa, kumbe ni nzima."

"Ndivyo hivyo. Na ukiipandisha mlimani haitamenya."

Hapo Marselina alicheka kicheko cha kweli, cha kwanza tangu mambo yale yaanze. Kisha hasira ikamrudia. Alisema waifai ilipoanza kukatika Dunstan alimuuliza fundi yule, naye akajibu kwamba kifaa kimechoka na kinunuliwe kingine. Hilda akasema mafundi wazuri wapo wengi. Ila fundi anayepiga window bila kuweka draiva sahihi, kisha akataka kukuuzia kifaa kipya, huyo hafai kurudiwa.

"Sasa shika wewe," Hilda alisema. "Nikifanya mimi, siku nyingine utarudi kwangu ukilia."

Marselina akashika. Kwanza alichomeka chaja, kwa sababu umeme ukikatika na betri ikaisha katikati ya kazi, kompyuta inaweza kuharibika zaidi. Kisha akanakili barua na picha zote za kikundi kwenye flashi safi ya Hilda, zisije zikapotea. Halafu akaigeuza kompyuta. Chini yake palikuwa na kibandiko chenye jina la mtengenezaji na namba ya aina ya kompyuta. Hilda akamwambia namba hiyo ndiyo ya kufuata, maana kompyuta mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na vifaa tofauti kabisa.

Kwa kuwa waifai yake ilikuwa inakatika, walitumia kompyuta ya zahanati. Marselina akatafuta tovuti ya mtengenezaji kwa jina lake. Zikatokea tovuti nyingine nyingi zenye vitufe vikubwa vya rangi, zote zikiahidi draiva za haraka. Mkono ukaenda kwenye kimoja.

Hilda akauzuia. "Hizo usiguse. Nyingi zinaleta virusi. Draiva tunaichukua kwa aliyetengeneza kompyuta, au aliyetengeneza kifaa chenyewe. Hatuiokoti njiani."

Wakaingia kwa mtengenezaji mwenyewe. Marselina akaandika namba ya kompyuta, akachagua aina ya window iliyomo, akatafuta sehemu ya waifai. Draiva zilikuwa kadhaa, kila moja na tarehe yake. Hilda akaeleza kwamba watengenezaji husahihisha makosa ya draiva na kutoa toleo jipya. Ndiyo maana hata kompyuta isiyoharibiwa na mtu hufika siku ikahitaji kuboreshewa draiva yake. Marselina akachagua toleo jipya. Intaneti ya dishi ilikuwa ya polepole, kwa hiyo akaenda kumsaidia Sista Serafina kukunja mashuka hadi faili likamaliza kushuka.

Walilihamishia kwenye kompyuta ya kikundi kwa flashi ile ile, baada ya kuikagua virusi. Marselina akalibonyeza mara mbili, akafuata maelekezo, akasubiri. Mwisho akaizima kompyuta na kuiwasha tena, kama alivyoambiwa. Ilipowaka, jina la mtandao wa zahanati likajitokeza. Akaandika neno la siri. Ikashika.

Alikaa akiitazama. Haikuachia. Akafungua barua ya mnunuzi, akaisoma hadi mwisho, akaijibu, akaituma. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya furaha tu. Kitu kidogo namna ile, na watu wazima walitaka kumvua heshima kwa ajili ya hicho.

Jumapili ikafika. Baada ya misa ukoo ulianza kuelekea nyumbani kwa Mzee Mansuetus. Marselina akamfuata mzee mlangoni mwa kanisa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, kabla ya chakula naomba twende zahanati. Wote."

Haikuwa desturi kwa mkamwana kuuchelewesha ukoo chakula. Mzee alimtazama, akaona kwamba hatoki njiani. Wakaenda. Barazani Marselina alifungua kompyuta mbele ya watu wote. Mtandao ukashika, na haukuachia. Jibu la mnunuzi lilikuwa limeshafika. Akalisoma kwa sauti: amependa maelezo yao, atakuja kuonja kahawa. Kisha akaeleza kosa lilikuwa nini, fundi alifanya nini, na draiva inaboreshwaje. Aliuliza kama kuna mwenye swali. Dunstan alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee Mansuetus alifurahi. Akapiga makofi. "Vizuri sana. Basi mambo yamekwisha, tukale."

"Hayajaisha, Baba," Marselina alisema.

Ignatio alishtuka. Lakini safari hii alisogea, akasimama kando ya mke wake.

"Mlinisema mbele ya watu," Marselina aliendelea. Sauti hakuipunguza. "Mliniita mharibifu kwenye sengu, na kila mtu alijua nani aliipeleka kompyuta kwa fundi. Mlinipandisha mlimani mara mbili, watu wakanicheka. Naomba nisafishwe pale pale niliposemwa, mbele ya watu wale wale."

Mzee alikohoa. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu mwongo.

"Ni kweli," alisema. "Tulimwonea. Mimi wa kwanza. Nilihukumu jambo nisilolijua, na aliyelijua nilimnyamazisha. Tukifika nyumbani nitalisema tena, kabla mtu hajanawa mikono. Ukatibu ni wake." Akamgeukia Dunstan. "Na huyu tumfanye nini?"

"Aje Jumanne hapa barazani nimfundishe," Marselina alisema. "Wakijua wawili, siku ikiharibika hamtakuwa na mtu mmoja wa kumtupia lawama."

Dunstan alikuja Jumanne. Alichelewa, lakini alikuja, na kabla ya kukaa alimwomba shemeji yake radhi. Siku hizi kikundi kinatunza draiva sahihi kwenye flashi yake maalumu, na hakuna anayechomeka flashi ya filamu.

Mnunuzi naye alifika. Alionja kahawa, akaonja tena, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akimwandikia barua zile. Ignatio alifungua mdomo, lakini Mzee Mansuetus alimtangulia. Alitaja jina la mkamwana wake kwa sauti iliyofika hadi kwenye kichanja cha mwisho, ambako Dunstan alikuwa anageuza kahawa.