Bunduki ya Mfaransa wa Lavington

Jumapili, saa 2.15 asubuhi

Nyuma ya hoteli ya Nanyama, pale Kabiro, kulikuwa na chumba cha kuwekea makaa. Mulwa alifagia sakafu kwa mguu, akachora nyumba kwa kipande cha kaa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa mwizi. Mgongo ulimuuma tangu alfajiri.

"Geti la nyuma. Jikoni. Chumba cha bunduki."

"Ziko ngapi?" Jeconia aliuliza. Kijana wa mtaa wa Raila, karibu na Ngong Road, mwembamba, bastola kiunoni hata akinywa chai.

"Kumi na mbili. Tunabeba moja."

"Moja? Buda, unanicheza."

"Moja. Ya Kifaransa."

Mwenyewe aliitwa Delmas, mzee wa Lavington aliyekusanya silaha za zamani. Hii moja aliitafuta miaka kumi na mitano. Iliundwa kwa ajili ya askari wa miamvuli, kabla tu ya vita vya Hitler. Kitako chake kilikuwa cha alumini, kikikunjwa ubavuni ikawa fupi ya kuingia gunia. Zilibaki chache duniani. Wakili mmoja wa Hurlingham, Murunga, naye mkusanyaji, aliitaka kwa udi na uvumba.

"Risasi zake hazipatikani Nairobi," Mulwa alisema. "Ni ya kuangalia tu."

"Mtu analipa kuangalia?"

"Analipa."

Mtu wao wa ndani alikuwa Shivachi, aliyezipaka bunduki hizo mafuta kwa miaka kumi na minne. Delmas alikuwa anarudi kwao mwisho wa mwezi. Alishapanga kila bunduki itaenda wapi. Kuhusu Shivachi hakuwa amesema neno.

"Shivachi anafungwa kamba, kitambaa mdomoni. Kofi moja, alama ionekane. Hakuna kupiga risasi."

Nanyama aliingia kuchukua vikombe. "Mulwa, hii ni ya mwisho?"

"Ya mwisho."

"Ulisema hivyo Pasaka."

"Hata Pasaka nilikuwa nimechoka."

Saa 4.05

Mkokoteni wa makaa waliuacha kwenye kichochoro, nyuma ya ua wa miti. Shivachi alifungua geti bila kuwatazama usoni. Delmas alikuwa ameenda kula kwa rafiki yake mtaa wa Karen, asirudi kabla ya saa kumi.

Kwenye chumba cha bunduki Shivachi aliitoa yeye mwenyewe. Alibonyeza kifungio, akakunja kitako polepole.

"Usiivute kwa nguvu," alimwambia Mulwa. "Hii alumini ikipasuka, imeisha."

"Sawa."

"Na isilale kwa maji."

"Shivachi. Nimesikia."

Mulwa aliifunga kwa shuka, akatoka nayo. Aliifukia ndani ya gunia, makaa juu, akashona mdomo kwa kamba. Jeconia alibaki ndani kumfunga Shivachi. Alichelewa kidogo. Alipotoka alikuwa anapangusa kitako cha bastola kwenye suruali.

Saa 4.50

Walisukuma wakipita Kawangware, watu wakitoka kanisani, hakuna aliyewaangalia mara mbili. Wauza makaa wawili, weusi kwa vumbi.

"Umempiga kofi?" Mulwa aliuliza.

"Nimemvunja pua."

Mulwa aliachilia mkokoteni. "Na kitambaa?"

"Kiko mdomoni. Si ndiyo plan?"

"Atapumulia wapi?"

Jeconia aliushika mkokoteni peke yake.

"Jeco. Atapumulia wapi?"

"Ametuona sura, buda. Sanse wakimfinya kidogo kituoni ataimba."

Mulwa alitazama barabara walikotoka. Mwendo wa dakika ishirini, labda zaidi kwa mgongo huu. "Tunarudi."

Jeconia aliinua shati kidogo, mkono ukashika bastola. "Rudi wewe. Mzigo ni wangu sasa."

Mulwa hakubishana. Alikuwa ameona vijana wengi wakiinua shati hivyo. Aligeuka, akaanza kutembea. Baadaye akakimbia.

Saa 5.15

Shivachi alikuwa sakafuni jikoni, uso wa zambarau, macho yamemtoka. Mulwa alichomoa kitambaa. Damu ilitoka, kisha pumzi, mbaya, ya kukwaruza. Alimfungua kamba, akamketisha, akamshika kichwa kiinuke, akamlowesha maji.

"Umerudi kwa nini?" Shivachi aliuliza mwishowe.

"Sijui. Nyamaza upumue."

"Nipe simu."

Mulwa alimsogezea simu ya mezani, akidhani anaita daktari. Shivachi alipiga namba kwa kidole chenye damu.

"Mzee? Ni wezi. Ndiyo. Mmoja ameenda na mkokoteni wa makaa. Mmoja bado yuko hapa." Akakata. Hakuinua macho. "Lazima mtu ashikwe, Mulwa. Nina watoto Kakamega."

Geti lilikuwa wazi. Mulwa alilitazama kupitia dirisha. Halafu akavuta kigoda, akakaa.

Saa 6.20

Polisi walikuja watatu, na Delmas nyuma yao. Mzee alipita jikoni mbio. Alimruka Shivachi miguu, akaingia chumba cha bunduki. Wakasikia mlango wa kabati ukifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Shivachi alikaa na taulo puani, akisikiliza.

Redio ya sajini ilikoroma. Mkokoteni umesimamishwa Ngong Road. Kijana mmoja alichomoa bastola. Amekufa. Silaha ndefu imepatikana kwenye gunia.

Delmas alitokea mlangoni. "Kitako? Kitako ni kizima?"

Sajini aliuliza kwenye redio. Kizima.

"Mungu asifiwe," Delmas alisema, akashika ukuta.

Mulwa alifumba macho. Alimwona Jeconia, makaa yamemwagika juu yake, karibu kabisa na nyumbani.

Sajini alimfunga pingu. "Wewe. Ulifunguliwa geti na nani?"

Taulo la Shivachi lilisimama puani. Bwana wake alikuwa pale mlangoni, bado hajamuuliza kama anaumwa.

"Niliruka ua," Mulwa alisema.

Sajini alimtazama mvi, kisha mgongo ulivyopinda. "Na huu uzee?"

"Ndiyo maana mmenipata nimekaa."