Vidonge vya Njano

Kila siku saa moja jioni, cherehani ya mama ikinyamaza tu, mimi nilikuwa nampelekea kikombe cha maji. Mama ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndipo anaposhonea. Alikuwa anameza kidonge chake cheupe, ananirudishia kikombe na kusema, "Haya, leo nayo tumeimaliza." Nilikuwa na miaka kumi aliponieleza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na kwamba akimeza kidonge hicho kila siku ataishi mpaka anishonee gauni la harusi. Nikamwambia sitaki harusi, nataka baiskeli. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, mama alianza kupokea kikombe mlangoni. "Weka hapo, nitameza mwenyewe," anasema, kisha ananigeuzia mgongo. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Shangazi huniita Mpelelezi, wala hanisifu. Siku moja mama alinituma vifungo vya shati la mteja. Chini kabisa ya kopo la vifungo nikakuta kitambaa kimefungwa fundo, na ndani yake vidonge kumi na kimoja. Vyote vilikuwa vya njano.

"Mama, hivi ni nini?"

Alikunja uso, halafu akaketi. "Mwezi huu wamenipa hivyo. Dawa yangu ni nyeupe, mwanangu, naijua. Nilimeza viwili, kichwa kikazunguka kutwa nzima. Nikakata suruali ya mwalimu wenu mkuu, mguu mmoja mfupi! Nani anajua wametupa nini? Labda wanatujaribia dawa zao."

"Uliwauliza?"

"Nimuulize nani? Yule dada wa dirishani? Alinisukumia kopo, akasema, 'Anayefuata!' Basi."

Tangu hapo sikuwa na raha. Mama akikohoa mara moja, mimi nahesabu mara tatu. Akichelewa kuamka, nasimama mlangoni kusikiliza pumzi yake. Niliishuku kliniki, nikamshuku na mama pia.

Siku ya kwenda kuchukua dawa ilipofika, shule ilikuwa imefungwa, nikamwomba tufuatane. Ukutani pa kliniki palibandikwa karatasi kubwa: WAGONJWA WETU WOTE WAMERIDHIKA. Wote? Hata darasani kwetu hatujawahi kukubaliana wote, isipokuwa labda kuhusu kengele ya kwenda nyumbani. Nikatazama foleni inavyokwenda, nikaelewa. Kila mgonjwa alikuwa anaulizwa maoni yake palepale dirishani, na aliyeuliza ni yuleyule dada mgawa dawa, huku kopo la dawa likiwa bado upande wake.

Zamu ya mama ikafika.

"Umeridhika na huduma?" dada akauliza, kalamu mkononi.

"Nimeridhika sana."

"Umeelezwa vizuri kuhusu dawa?"

"Vizuri sana."

"Unameza kila siku?"

"Kila siku, dada yangu."

Nilimkodolea macho. Huyu ndiye mama aliyeninyima kucheza wiki nzima kwa uongo wa peremende moja! Nilitaka kusema yote, lakini ningemwaibisha mbele za watu. Nikinyamaza, vidonge vitaendelea kujaa kwenye kopo la vifungo na mama ataugua. Nikaona heri niulize tu.

"Samahani, dada. Hivi vidonge vya njano ni dawa gani? Vile vyeupe vimeenda wapi?"

Mama alinifinya bega. Dada akanuna. "Mtoto, foleni ni ndefu."

"Foleni ingoje," akasema mzee aliyesimama nyuma yetu na fimbo yake. "Hata mimi nataka kujua. Vyangu viko chini ya godoro."

"Na vyangu mkobani," akadakia mwanamke mmoja. "Sijavigusa."

Muuguzi mkuu alisikia minong'ono, akatoka ofisini. "Nani mwingine hamezi?" Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa mama. Muuguzi aliitazama ile karatasi ya ukutani, akaibandua.

"Jamani, tumekosea," alisema. "Dawa hii ni mpya, na inafanya kazi vizuri kuliko ile ya zamani. Tuliitangaza asubuhi moja tu, tukadhani habari imewafikia wote. Siku za mwanzo baadhi ya watu husikia kizunguzungu, kisha hupungua. Kisipopungua, njooni tuwaangalie. Ila msiache dawa kimyakimya." Akaagiza walioacha wapimwe damu, na kuanzia siku hiyo maoni yakawa yanaulizwa katika chumba cha pembeni, na mtu mwingine kabisa.

Njiani mama alitembea hatua tatu mbele yangu. Jioni ile alimeza kidonge cha njano mbele yangu, akiwa amenuna bado.

Majibu ya damu yalionyesha virusi vimeanza kupanda. Mama alilia. Alimeza dawa bila kukosa, na baada ya miezi mitatu akapimwa tena. Muuguzi mkuu alitusomea karatasi akitabasamu: virusi vimepungua mno, hata kipimo hakivioni.

"Mtoto wako alikuokoa kwa swali moja," alimwambia mama. "Kushuku hakuna ubaya. Ukishuku, uliza. Ukijibiwa vibaya, muulize mwingine. Lakini ukitudanganya kwamba umeridhika, tutakutibu vipi?"

Mama alinishika mkono. "Niliwashuku ninyi nyote," alisema polepole, "kumbe aliyekuwa anaunyima mwili wangu dawa ni mimi mwenyewe."