Nani Alipokea Simu ya Godelive?

Godelive alitia mkono kwenye kapu la simu pale mlangoni, akapapasa, kisha akapiga yowe. "Mwalimu! Simu yangu haiko!"

Darasa la Kiingereza la Mwalimu Kulthumu, ghorofani katikati ya Durban, lilikuwa na sheria moja: simu zote kapuni. Jioni hiyo walikuwa wakichambua maana za kitenzi *pick up*, kila mtu na mfano wake. Godelive alisema teksi humchukua kwenye robot, zile taa za barabarani. Pacifique alisema Kizulu alikiokota dukani, kwa kusikia tu. Tito, mlinzi wa usiku mtaani Westville, alisema anampigia mama yake lakini hapokei.

Sasa simu imeyeyuka. Mtoto wa Godelive, aliyebaki Uvira, Kongo, humpigia kwa simu za kuazima, kila mara namba mpya.

"Akinikosa atasema nimekufa," Godelive alilia.

Macho yote yakamgeukia Pacifique, fundi simu. Kesho yake Kulthumu akamfuata dukani.

"Mimi niibe ile ya batani?" Pacifique alihamaki. "Hata bure hakuna mtu atabeba. Eish, Mwalimu!"

Kulthumu akaipiga namba ya Godelive. Iliita. Mwizi gani huyu asiyetupa laini? Na betri ile, wote walijua, haimalizi siku. Basi kuna mtu anaichaji!

"Chaja za pini nyembamba unazo?"

"Ilikuwa moja tu, Tito amenunua asubuhi." Pacifique akasita. "Lakini Tito iko na simu ya kisasa."

Kulthumu hakufurahi hata kidogo kumgundua Tito, kwani upweke aliujua. Yeye mwenyewe, jioni, huongea na redio.

Darasa lilipokutana tena, alimuuliza mbele ya wote. "Tito, ile chaja ni ya simu gani?"

Tito akainama, akaitoa simu kotini. Ilikuwa imejaa chaji.

"Nimekukosea nini, kaka?" Godelive alifoka.

"Hujanikosea, dada. Mama yangu alifariki mwaka jana, na namba yake bado naipiga. Yako huita tukiwa kwenye ngazi, unaweka spika, mtoto anauliza kama umekula. Nilitaka na mimi niulizwe, mara moja tu."

"Mwanangu alipiga?"

"Jana. Akauliza. Nikashindwa kujibu. Akaita 'Mama, Mama,' nikakata."

Godelive alimpokonya simu, akabonyeza namba ya jana, akawapa mgongo. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na Tito akabaki palepale, machozi yakimtoka, akiisikiliza inavyoita.